Bibi Mfinyanzi na Siku ya Shukrani Niliyoiandika Mimi

Nimefanya kazi na watu wagumu maishani mwangu. Nimesimama mbele ya Wadachi, Wajerumani kwa jina la leo, wenye masharubu yaliyopakwa mafuta, nimebishana na maakida, nimewapanga mstarini wanyapara waliozoea kuwapanga wengine. Katika wote hao, hakuna aliyenichosha kama Bibi Mfinyanzi. Mpaka leo nikimkumbuka nahisi uzito magotini, kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

Jina lake nalijua, ila kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Alizaliwa lini na ukoo wake ulishukia bonde gani, hayo nawaachia wazee wa ukoo wenyewe. Mimi nitasema niliyoyaona. Nyumba ya mama yangu na nyumba yake zilitenganishwa na shamba moja tu la mbaazi, kwenye mteremko wa Uluguru, juu ya Morogoro, njia ya kupandia Mgeta.

Alikuwa mwembamba, mabega yameinama mbele kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chini. Vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, na kucha zake hazikuwahi kuwa safi hata Jumapili. Alifinyanga akizunguka yeye, chungu kikikaa mahali pake. Alikizunguka kinyumenyume, mkono mmoja ndani, mwingine nje, akilainisha kwa gunzi la hindi, kisha kwa kijiwe cha mtoni alichorithi. Vyungu vyake vilifika Morogoro mjini, vikapanda treni, vikapikiwa na watu wasiojua Uluguru iko wapi. Nilipokuwa shuleni pwani niliona chungu cha mkono wake jikoni kwa mpishi wetu. Nilikitambua kwa mistari mitatu ya shingoni. Siku hiyo nililia kidogo, na sioni aibu kusema.

Maana mimi nilisoma. Naomba hili lieleweke, kwa sababu wako wanaodhani nilipewa. Sikupewa. Nilishuka mlimani kwa miguu nikiwa sina hata shati la pili, nikaosha sahani za mwalimu ili nikae nyuma ya darasa, nikahesabu, nikaandika, nikajifunza Kidachi mpaka wenyewe wakageuka kunitazama. Nilirudi na diploma yenye tai mweusi juu na mhuri mwekundu chini. Katika mteremko ule wote nilikuwa wa kwanza.

Nilipoileta nyumbani, majirani waliishika kwa ncha za vidole. Bibi Mfinyanzi aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyogonga vyungu kusikia kama vina ufa.

"Inashika maji?" akauliza.

"Haishiki maji, Bibi. Inashika cheo."

"Na cheo kikivuja?"

Watu walicheka mpaka mama yangu akalazimika kuingia ndani. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ulimi wake haukumheshimu mtu. Mwanamke mmoja wa mjini alipanda hadi kwake kurudisha chungu, akidai kimepinda.

"Kimepinda kweli," Bibi akakubali. "Na mumeo je? Yeye umemrudisha kwao?"

Yule mama alishuka na chungu chake.

Kila Jumapili alikwenda misa misheni, akakaa mbele, akaimba kwa sauti kuliko masista. Wakati wa mavuno alitenga unga wa mtama kwa ajili ya tambiko la wazee, hadharani, bila kujificha. Padri alipomwuliza atafuata njia ipi, alimjibu, "Baba Padri, wewe una Jumapili yako, wazee wana siku yao. Wiki ni ndefu." Aliwasema wasengenyaji, kisha akakaa jioni nzima akitaka habari za mji, nani kaoa, nani kafukuzwa kazi. Aliwacheka wapagazi kwamba ni punda wenye majina. Kisha mwanawe mwenyewe akafanywa mpagazi.

Jambo moja lilinikera kwake kabla ya mengine yote. Hakusema asante. Ungemletea chumvi, angeipokea, angeiweka, angeendelea na kazi. Wengine walisema ana kiburi. Siku moja nilimwuliza waziwazi, maana pwani nilifundishwa kwamba mtu muungwana hushukuru.

"Asante ya mdomo ni chungu bila mafiga," alisema. "Utakiteleka wapi? Subiri."

Baada ya siku tatu kikapu changu cha chumvi kilirudi kimejaa magimbi.

Hapa nieleze, kwa wasiotoka kwetu. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hilo wengi wanalijua. Lakini kwa wazee kama yeye lilikwenda mbali zaidi. Ukimpelekea mkubwa chombo kilichojaa, naye akakipokea kwa mikono yake miwili, amekubali kukijaza kile unachokosa wewe. Si kile anachopenda yeye kutoa. Ndiyo maana wakubwa wa kwetu walikuwa waangalifu. Mtu akija na chungu waliuliza kwanza, "Nyumbani kumepungua nini?" Wakiona hawakiwezi, hawakukigusa, hata kama ndani mlikuwa na asali.

Vita ilipoingia nilikuwa karani bomani. Manowari za Waingereza zilifunga pwani. Nguo zikaadimika, chumvi ikaadimika, mafuta ya taa yakawa hadithi. Askari walikula sana, na wapagazi waliowabebea askari walikufa upesi, kwa hiyo kila baada ya muda walihitajika wengine. Siku ya soko, watu wa akida walizingira njia mbili, wakawachukua wanaume wote waliokuwa na mizigo mabegani, kwa sababu, walisema, hao wameshazoea. Kitinda mimba wa Bibi Mfinyanzi alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyekuwa akimshushia vyungu sokoni kwa mzegamzega, mti mmoja begani, vinne mbele na vinne nyuma, na kwa miaka mingi hakuvunja hata kimoja. Vyungu vilibaki vimepangwa kandokando ya njia. Mwenyewe alikwenda na jeshi.

Bibi alikuja bomani siku iliyofuata. Nilimwambia kwamba watarudi vita ikiisha. Akauliza vita inaisha lini. Nikasema kwamba hilo haliko mezani kwangu.

Sasa nifike kwenye siku ya shukrani. Baadaye walizuka watu wakisema ni desturi ya zamani ya Ulaya, wengine wakasema ni sikukuu ya mavuno ya wazee wetu ambayo Wadachi waliiheshimu. Yote si kweli. Ilitoka mezani kwangu.

Maghala ya boma yalikuwa yameanza kuonyesha sakafu. Askari waliotumwa milimani kuchukua chakula walirudi na kuku wawili na malalamiko, kwa sababu watu walikuwa wamefukia mtama mashimoni. Bwana Mkubwa, Mdachi aliyelitawala boma, aliniita. Alikuwa amechoka, macho mekundu, kola imefunguliwa.

"Wewe ni wa huko," alisema. "Nitawatoaje chakula bila kuwapiga risasi?"

Nikamjibu mara moja, kwa Kidachi safi, "Bwana, watu wetu wakilazimishwa huficha. Wakishukuru hutoa."

Siku hizo zilikuwa zimefika habari za ushindi pwani, kwamba Waingereza walitupwa baharini. Nikasema, basi tuwe na siku moja ya kumshukuru Mungu na Kaiza kwa ushindi. Msikitini wasome dua, kanisani waimbe misa, kisha kila nyumba ilete bomani chombo kimoja kilichojaa. Isiitwe kodi. Isiitwe mchango. Iitwe shukrani. Bwana Mkubwa alipiga meza kwa kiganja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu vita ianze. Niliandika tangazo mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kidachi, na hakubadilisha hata nukta. Mwaka uliofuata karatasi ile ile ilinakiliwa na kupelekwa kwenye maboma mengine, na siku ile ikawa sikukuu ya koloni zima. Niliona nakala moja iliyotoka mbali sana. Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Kuna watu wangapi wa mlimani wanaoweza kusema hivyo?

Nilipanda mwenyewe kulisoma tangazo kwetu, baada ya misa, watu wakiwa bado wamesimama nje. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya shule. Wengi walinyamaza kwa ule unyamavu wa mtu anayefikiria shimo la kufukia lililo mbali zaidi. Bibi Mfinyanzi peke yake alisogea mbele.

"Atakayepokea ni nani?"

"Bwana Mkubwa mwenyewe, Bibi."

"Kwa mikono yake?"

Nilielewa alichokuwa akiuliza, kwa sababu mimi ni mtoto wa mteremko ule, nimenyonya desturi ile. Nilijua kwamba Bwana Mkubwa angegusa chombo chochote utakachoweka mbele yake, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto wa watu. Lakini watu walikuwa wakinitazama, na karatasi ilikuwa yangu.

"Kwa mikono yake miwili," nikasema.

Uso wake ulifunguka. Akawageukia wengine akawaambia, "Mmesikia? Serikali inataka kupokea. Serikali ina watu wetu. Mnangoja nini?"

Mzee mmoja akasema, "Wewe Bibi, Wazungu hawajui mambo hayo."

"Huyu hapa anayajua," akanielekezea kidole. "Yeye ndiye anayewaandikia."

Tukirudi nyumbani, mama yangu alisimama tulipofika kwenye mbaazi.

"Umemjibu vibaya."

"Nimemjibu kweli, mama."

"Umemjibu nusu ya kweli. Nusu nyingine umekwenda nayo mfukoni."

Kwa majuma kadhaa Bibi Mfinyanzi alifinyanga chungu kimoja tu. Sijaona kingine kama kile. Mtoto angeweza kusimama ndani. Alikichoma kwa nyasi kavu na magome, akakilinda na upepo kwa mikeka, na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu. Kisha akafukua mtama wake wote, mpaka mbegu, akasaga, akajaza, juu akaweka masega ya asali kwenye majani ya mgomba. Wanawake waliomwona wakafukua wa kwao. Mlima mzima ulifukua. Walisema, kama Bibi ametoa mbegu, basi anajua jambo.

Siku ilipofika, Morogoro haikuwa imeona umati ule. Bendera, tarumbeta, ngoma, askari wenye vifungo vilivyong'arishwa. Wanawake walishuka kwa mstari kutoka milimani tangu alfajiri, na mstari haukukatika mpaka jua lilipokuwa utosini. Bwana Mkubwa alihutubu, mimi nikatafsiri, na sauti yangu ilifika mpaka nyuma. Chungu cha Bibi Mfinyanzi kilibebwa na wanawake wanne kwenye machela, zamu kwa zamu. Walipokitua mbele ya ngazi, Bwana Mkubwa alishangaa kweli. Alishuka, akakizunguka, kisha akakikumbatia kwa mikono yote miwili, akasema kwa Kidachi kwamba hiki ni kizuri sana.

"Kapokea!" Bibi akapaza sauti. Wanawake wa mlimani wakapiga vigelegele. Bwana Mkubwa akadhani ni kwa ajili ya Kaiza, akainua kofia.

Watu walitawanyika. Yeye alikaa kando ya ngazi, miguu ameinyoosha, kanga imefunika magoti. Askari wa zamu akamwendea.

"Bibi, sherehe imekwisha. Nenda nyumbani."

"Nasubiri chombo changu."

"Chombo kipi? Lile pipa?" Askari akawaita wenzake. "Jamani, huyu anataka Kaiza amwoshee vyombo!"

Walicheka. Mmoja akamwuliza kama alitaka na mabaki ya ugali. Alikuwa akiutazama mlango wa boma, na kila mwanamume aliyetoka alimwangalia usoni. Hapo nikaenda.

"Bibi, si leo," nikamwambia. "Mambo ya serikali yanachukua muda. Kitarudi."

"Umesema?"

"Nimesema."

Akaondoka. Unga ule ulikuwa tayari unamiminwa kwenye magunia, unapelekwa stesheni.

Tangu siku hiyo hakufinyanga tena. Alisema kwamba chombo kikiwa ugenini na hakijarudi, udongo haufunguliwi. Wanawake walimsihi. Vyungu vya watu vilipasuka na hakuna vingine vya kununua, kwa kuwa vita ilizuia hata sufuria za bati. Walipikia vigae vilivyozibwa kwa utomvu. Wengine walimkasirikia, hasa kipindi cha kupanda kilipofika na mlima haukuwa na mbegu. Njaa ile naikumbuka. Watu walikula mizizi ya mgomba. Yeye aliigawa mihogo yake michache kwa wale waliofuata mfano wake, na alikonda mpaka shingo ikawa kamba. Hata hivyo kila siku ya soko alishuka, akasimama dirishani kwangu.

"Bado?"

"Bado, Bibi."

Hivyo tu. Kisha anapanda tena, nusu siku ya mlima. Nilianza kuichukia siku ya soko. Nilipandishwa cheo wakati huo, nikapewa meza yenye droo mbili, na bado nilipoona kanga yake kwenye kona nilitamani kuwa na homa.

Siku ya shukrani ya pili ilikuja, sasa ya koloni zima. Kutoka upande wetu wa mlima hakuja mtu. Boma likatuma askari, na mambo yakarudi kule kule nilikojisifu kuyatoa.

Mwisho wa Wadachi Morogoro ulipokaribia, boma zima lilinuka karatasi zinazochomwa. Waingereza walikuwa wakija kutoka kaskazini, jeshi letu likipita kwenda kusini kuzunguka milima. Niliamriwa kufuatana na masanduku ya ofisi. Asubuhi hiyo nikiwa stesheni nilimwona mpagazi mmoja wa kijiji cha chini yetu, aliyeachwa kwa sababu hakuweza tena kutembea. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mito. Nilimpa maji. Nilimwuliza habari za kitinda mimba wa Bibi Mfinyanzi.

"Yule wa mzegamzega?" akasema. "Yule tulimzika siku nyingi, bwana. Kuhara damu. Kando ya njia kuu ya kusini, mahindi yakiwa bado mabichi."

Nikahesabu. Mahindi mabichi. Siku yangu ya shukrani ilikuja baada ya mavuno. Bwana Mkubwa alipokikumbatia chungu kile, mtu aliyesubiriwa alikuwa tayari ardhini.

Ningeweza kuondoka. Nasema hivyo kwa kuwa wapo walionisema baadaye kwamba nilikimbia vita. Masanduku yalikuwa yamefungwa, nafasi yangu ilikuwepo, na hakuna aliyekuwa akijua. Nikapanda mlima kwa hiari yangu.

Nilimkuta mlangoni akichambua maharage machache kwenye ungo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo si siku ya soko."

"Nimekuja na habari."

Hakuinua macho. "Basi zisemee huko nje, kwa sauti. Wenzangu wako shambani, nao walitoa mbegu zao. Wasikie."

Nikasema kwa sauti ya shule, sikuwa na nyingine. Majembe yakasimama. Mama yangu alikuwa miongoni mwao, naye akakaa chini pale pale aliposimama. Bibi Mfinyanzi akaweka ungo.

"Nani alichimba?"

"Wenzake wawili."

"Kulikuwa na jembe?"

"Walichimba kwa bakuli la kulia na vijiti."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepima kazi ya mtu mwingine. "Kabla ya siku yako, au baada?"

"Kabla, Bibi."

"Kumbe yule Mzungu alipokea asichoweza kukijaza."

"Hakujua."

"Najua hakujua. Macho yake yalikuwa kwenye asali. Mimi nauliza, pale kwenye ngazi, nani alijua maana ya kupokea?"

Wanawake wote walikuwa wakinitazama. Nimejibu mitihani mbele ya Wazungu watatu na sikutoka jasho kama lile.

"Mimi," nikasema.

"Basi aliyepokea ni wewe."

"Bibi, mimi ni karani. Wananingoja stesheni. Nina diploma."

"Hakuna aliyesema huna." Alisimama kwa shida, mkono kwenye kizingiti. "Nyumba hii imekosa mtu wa kuchimba udongo na kushusha vyungu. Mama yako anaye mtoto, tutagawana. Au nimesema vibaya, mwenzangu?"

Mama yangu, akiwa bado chini, alisema, "Hujasema vibaya."

Tulikaa matanga siku zilizotakiwa. Katikati ya siku hizo tulisikia mizinga mjini, na treni ya mwisho ya boma iliondoka bila mimi. Matanga yalipoanuliwa alinipa jembe fupi, akanionyesha kwa kidevu njia ya kushuka kijitoni. Nilivua viatu mwenyewe. Nilichimba asubuhi nzima, nikapanda na tenga la udongo kichwani, mabega yakiwaka moto, nikalitua mbele yake nikiwa na fahari kidogo, maana kazi yoyote ninayoifanya huifanya vizuri.

Akachukua donge, akalivunja, akalisugua kati ya vidole vyake viwili.

"Una mchanga," alisema, na akaumwaga wote bondeni. "Rudi."

Nikarudi.